Ufito

Tulikata ufito wa mwanzi, upana kamili wa daraja la pili.
Yeko akapima mara mbili, kisha mara ya tatu,
maana fedha hizi tulizichanga kwa misimu minne ya viazi
na kila shilingi ina mwenyewe, anaitazama.

Tukashuka Mbale juu ya lori,
ufito umelala mapajani mwetu kama mgonjwa.

Muuzaji alivaa viatu vyeupe.
Sikusema neno. Niliwaza tu kilomita ya saba
baada ya mvua za Mei, udongo wa Kapkwata
unavyokukamata mguu kama mdai aliyekuona sokoni.

"Hili," akasema, akilipiga kofi boneti, "lina nguvu za farasi tisini."
"Za punda je?" akauliza Musobo.
Muuzaji akacheka. Musobo hakucheka.
Kwetu saruji hupanda mlima kwa punda, mfuko kila ubavu,
na mbao za daraja hupanda kwa mabega.
Bega langu la kulia lina sugu unayoweza kuibishia hodi.
Goti la Salimo lilibaki kule juu, chini ya gogo la mwerezi;
yeye mwenyewe tulimteremsha.

Tukaweka ufito mbele ya pikapu: imezidi viganja viwili.
Tukauweka mbele ya lile jekundu, lenye redio na viti vya ngozi:
limezidi kimoja, na redio ya nini,
kule mbega ndio wanaotangaza habari.
Pikipiki ya matairi matatu ilienea na nafasi ikabaki,
lakini Cherotich aliinamisha kiganja chake, hivi,
kama mteremko wa kilomita ya tisa,
kisha akakigeuza chali.
Tukaelewa. Tukaendelea.

Nyuma ya ua, chini ya turubai,
palikuwa na gari dogo la kijani lililochujuka rangi,
mstaafu wa shamba la miwa,
sisimizi bado wanatafuta sukari chini ya kiti.
Magurudumu manne, mapana, yenye upepo mdogo,
yanayokanyaga njia bila kuichimba
(maana gari la kutengeneza njia
lisije likawa ndilo linalotuzidishia kazi).
Sanduku la nyuma hujiinua lenyewe na kumwaga kokoto.
Halina mlango hata mmoja. Likipinduka, utaruka.

Cherotich akaingia uvunguni na gauni lake la kanisani.
Tukamngoja. Tuliona viatu vyake tu, tukasikia spana,
na mara moja tusi la kwetu ambalo sitaliandika.
Akatoka na oili kwenye paji la uso.
"Ekseli nzima. Breki za nyuma nitazifumua.
Klachi inalalamika, lakini haidanganyi."

Ufito ukalazwa juu ya pua yake:
vikabaki vidole vitatu kila upande.
Vitatu. Nilivihesabu tena kwenye daraja lenyewe
siku tuliyolivusha,
wote tumeshuka, Cherotich peke yake kwenye usukani,
mto ukipiga kelele chini kama muuzaji mwingine,
na mbao tulizozibeba sisi
zikilibeba.

Hatukusherehekea. Kulikuwa na mfereji wa kuzibua.

Ufito sasa Yeko anaupimia kina cha tope.
Punda wetu, Diwani, alilizunguka gari mara moja,
akalinusa, akaligeuzia mkia.
Tukampa chumvi.
Baada ya mianzi, kuanzia kilomita ya kumi na moja,
njia bado ni yake.