Inakaguliwa

Niliifunga Jumatatu, kwa soksi ya Mwepu iliyopoteza mwenzake,
nikaitia kwenye kisanduku cha sabuni,
kisha utepe, mizunguko saba,
kama mtu anayezika kitu asichotaka kifukuliwe.
Kwenye ajansi, karibu na Njanja, kijana akaipima.
Kuna nini ndani?
Nikasema, simu.
Akaandika, simu.
Miaka yangu minne, herufi zake nne,
na ndege ya Alhamisi kwenda Kinshasa.

Mapatano ni haya: ya zamani itangulie, ikaguliwe,
wakiikubali watapunguza bei ya mpya,
nami niongeze kidogo, kile kidogo kilichoko kwa Mama Nasenga
ambaye naye anangoja zamu yake ya likelemba.
Hapa Katuba kila mtu anangoja kupitia kwa mtu mwingine.

Tangu hapo nasuka kwa kumbukumbu.
Mitindo yangu yote ilikuwa mle.
Sasa wateja wananichorea hewani kwa vidole:
inapanda hivi, inazunguka, halafu inalala.
Juzi nilimsuka bibi harusi wa Kisanga
kwa maelezo ya shangazi yake.
Alijitazama kwenye kioo muda mrefu.
Akasema, sivyo, lakini sawa.

Laini yangu inaishi kwenye pindo la kitenge
pamoja na noti moja ya franka mia tano iliyochoka.
Saa moja jioni Kapya anafunika ndoo yake ya munkoyo,
ananiazima simu yake ya vibonye.
Anaifungua mgongo kwa ukucha, anatoa betri,
anatoa laini yake, anaishika kiganjani kama jino la mtoto.
Naweka yangu.
Dakika kumi tu. Mke wake yuko Kipushi kwa ndugu zake, na hupiga akijisikia.
Simu inatafuta mtandao, sisi tunaikodolea
kama chungu kilichokataa kuchemka.

Jumamosi: Imepokelewa.
Jumapili, kimya.
Jumatatu: Inakaguliwa.
Jumanne: Inakaguliwa.
Jumatano umeme ulikatika mtaa mzima, chaji hakuna,
lakini nilijua inasemaje.

Sasa niseme lile.
Fomu iliuliza: kioo kina ufa?
Nikajibu hapana.
Upo. Kona ya chini, kushoto, chini ya ile plastiki ya kinga,
mwembamba, hata ukipitisha kidole huuhisi.
Lakini mimi ni msusi. Unywele naujua ninapouona.
Kila nikilala namwona mtu wa Kinshasa,
taa nyeupe, mikono misafi,
anainua plastiki taratibu, kuanzia kona ile ile.

Na mimi nilikuwa nimefuta kila kitu!
Picha, namba, sauti ya mama akiniagiza chumvi
na kusahau kukata, akaendelea kuongea na kuku.
Nilifuta mara mbili, wasinione.
Nikawaachia ufa.
Ndicho kitu changu pekee walichopokea.

Leo, Alhamisi, ujumbe mrefu.
Kapya akausoma kwa sauti, mimi sina miwani:
Tumeona ufa. Thamani imepungua kwa theluthi.
Kukubali bonyeza 1. Kukataa bonyeza 2.
Jibu lako kabla ya saa mbili usiku.

Nilidhani nitaona haya.
Badala yake nikacheka, nusu ya kucheka,
kwamba mbali kote huko
kuna mtu ameinama akatazama kona yangu
na hakudanganywa.

Nikabonyeza moja.
Kimya.
Nikabonyeza tena.
Kapya akakohoa.
Moja ilikufa tangu Pasaka, akasema,
mbili ndiyo nzima.

Saa mbili kasoro robo.
Nimechomoa kichana changu kichwani, chenye mkia wa chuma,
Kapya kashika tochi kwa meno,
nasi tumeinama juu ya mfuniko wa ndoo
tukiitafuta moja, chini ya mpira wake,
huku Kipushi, pengine, inapiga.