Kidole Kimoja cha Kurudi

Anyambilile anasema fua kwanza.
Pamba, anasema, ina mafuta ya mbegu na vumbi la lori.
Usipoifua leo utaifua kesho ikiwa ndani ya mfarishi,
nayo itarudi, itavuta vitambaa,
utajifunika uso wa kikongwe.

Amekaa na sindano huyu
tangu cherehani yangu ikiwa bado dukani Mwanjelwa.

Lakini nianike wapi?
Hapa Tukuyu jua huja kama mdai msibani:
linaketi ukingoni, linaaga kabla ya chai.
Mwaka juzi nilifua pamba ya mto mmoja tu.
Siku nne ilikaa juu ya michai,
nikaokota mabonge,
ugali uliosongwa na mtoto.

Basi nikakata kipande, shubiri kwa shubiri,
nikakizamisha katika maji ya vuguvugu, bila kukamua,
nikakibana ndani ya taulo,
nikakilaza karibu na jiko la mkaa.
Asubuhi nikatandaza tena mkono juu yake:
kidole cha mwisho kikaning'inia nje.

Kimerudi, husema mafundi.
Na hakikuwa kimekwenda popote.
Kimerudi kwenye udogo wake,
uzi ulivyokuwa kabla mashine haijauvuta.

Lusekelo naye alisema anarudi.
Alisema kwenye simu, yuko Tunduma,
malori yanapiga honi nyuma yake.
Akasema Pasaka. Akasema, basi, viazi vikivunwa.
Halafu salio likaisha,
lake au langu, sikumbuki.

Mfarishi ni wake.
Vitambaa ni mashati yake ya shule,
suruali ya kaki yenye doa la wino,
na kanga niliyombebea mgongoni,
ambayo imefuliwa mara nyingi hata haina pa kurudi.

Anyambilile ananitazama nikipima.
"Hujaifua."
Sijaifua.
Nimeongeza kidole kimoja kila upande,
nikapiga mishono karibu karibu
ili pamba ikisinyaa isikimbilie pembe moja.

"Utakunjamana," anasema.
Na ukunjamane.
Aufue yeye mwenyewe, kwa mikono yake, hapa kwenye karai hili,
auone ukizeeka mbele yake kwa siku moja.

Anyambilile hajibu. Anachukua ncha ya pili,
anainyoosha, anashikiza pini.
Mvua imeanza juu ya bati
na mkasi siuoni nilipouweka.