Ufa wa Langoni

Ukitaka kuuona, sogeza kabati la Mama,
lile la kioo kilichoota ukungu.
Umeanzia juu ya kidaka,
ukashuka kwa kusitasita hadi sakafuni.
Huo ni wangu. Niliufanya nikiwa na miaka tisa.

Bunu, kaka yangu, alikuwa na kumi na minane,
fundi tayari, na mwenye haraka.
“Karai moja la chokaa, matatu ya mchanga,
hiyo ni lipu ya ukuta mmoja.
Leo kuta ni mbili. Changanya, mimi naenda kupokea mawe.”

Nikafikiri. Wallahi nilifikiri.
Ukuta umeongezeka mmoja,
basi chokaa nayo iongezwe karai moja,
mchanga nao karai moja,
asinung’unike mtu:
kama Mama akigawa halua siku ya Idi,
kipande kwako, kipande kwa mwenzako.
Mawili kwa manne.
Nikapiga koleo nikiimba.

Tope liliisha kabla ya kona.
Bunu akakwangua karai, akatazama weupe wake,
adhana ikamkuta na mwiko mkononi, akanyamaza.
Siku ya tatu ukuta ukasema wenyewe.

Hakunipiga. Alichuchumaa,
akaweka kijiwe cheupe, na vyeusi vitatu nyuma yake.
“Huyu hatembei peke yake. Ana watatu wake.
Mweupe wa pili akija, atakuja na nani?”
“Na mmoja.”
“Na nani?”
Nikavisogeza vijiwe, kimoja, kingine, kingine.
Mawili kwa sita.
Nilihisi kitu kikikaa mahali pake kichwani,
kama komeo.

“Na ukuta usipokuwepo?”
“Hakuna chokaa.”
“Na mchanga?”
“Hakuna.”
“Basi. Ukianza na kitu mkononi kabla ya kazi, hesabu hiyo si hii.”
Akanionyesha Kale, mwenye punda:
ishirini ya kumtandika mnyama,
kisha kumi kwa kila safari.
Safari moja thelathini, mbili arobaini.
“Umeona? Kazi imekuwa maradufu, bei haikuwa.
Yule anakula kabla hajabeba.”

Sasa nafundisha Mokowe, darasa la saba.
Kila mwaka yupo mmoja anayejumlisha pale pa kuzidisha,
kwa moyo safi, kwa kutaka haki.
Mwaka huu ni Mwanajabu.
Sikumwekea mkasi mwekundu.
Nilimuuliza unga wa mahamri wa kwao,
tui kiasi gani, na wageni wakija je?
Akatazama dari muda mrefu.
Nikamwacha na dari.

Lakini umri nao una hesabu yake.
Mwaka ule Bunu alikuwa mara mbili yangu.
Leo mimi arobaini na mmoja, yeye hamsini:
tisa ni ile ile, panya hawakuigusa,
ila ile mara mbili imeyeyuka sijui lini,
nikiwa chuoni labda, au nikinyonyesha.
Kila mwaka namkaribia.
Sitamfika.

Juzi alipiga simu. Ana kuta tano za mpangaji,
na mkono wa kulia siku hizi unatetemeka.
Eti makarai mangapi.
Fundi wa miaka thelathini na ushei, ananiuliza mimi.
“Matano kwa kumi na tano,” nikasema.
Nikasikia punda akilia kwake, mtu akimfokea.
“Na ukuta usipokuwepo?”