Upande wa Kengele

Januari, siku ya Mtakatifu Antoni,
baba aliamka sikio la kushoto limefungwa
kama duka la marehemu.
Alidhani ni maji. Akaruka kwa mguu mmoja jikoni
mama akacheka,
kisha mama akaacha kucheka.

Kule Nuoro Dokta Pintus alimpa vidonge kumi na vinne.
Sikio la kufa halisikii dawa,
na hili lilikuwa limekufa kweli.
Basi akamchorea kichwa, duara kama yai,
nyuma ya karatasi ya malipo:
sauti ikitoka kuume, sikio la kuume huipata kwanza,
la kushoto huipata imechelewa,
na kuchelewa kwenyewe hakutimizi
sehemu moja ya elfu ya sekunde.
Ubongo hujipenyeza humo, ukasema: kule.
Tena kichwa kina kivuli, alisema;
sauti nyembamba hazikizunguki vizuri,
hufika ng'ambo zimedhoofu.
Baba akauliza, "Na mbele na nyuma?"
Daktari akamgusa mikunjo ya sikio,
vile vilima na vijibonde
nilivyodhani vimewekwa ili nta ipate pa kukaa.

Garini hakusema neno mpaka daraja la pili.
"Miaka sitini na miwili nimepima kwa kipimo nisichokijua.
Leo nimeonyeshwa, nacho hakipo."

Zamani alikaa juu ya jiwe, kofia usoni, akitaja:
Murina yuko kwenye mialoni, amegeuka.
Yule mwenye kengele ya ufa anateremka.
Kondoo arobaini na mmoja, naye hakufumbua jicho.
Sasa dunia yote imehamia kuume.
Mama akimwita kutoka kushoto, yeye huujibu ukuta.
Simu ikilia huitafuta ndani ya buti.

Machi ukaja ukungu, mzito, wa kukatwa kwa kisu,
na Murina hakurudi, mimba yake pevu.
Tulisikia kengele.
Baba akaanza kuzunguka taratibu pale pale,
kama jogoo wa bati juu ya paa,
akitafuta ilipokuwa na nguvu zaidi.
Ilikuwa kubwa, ikawa ndogo, ikawa kubwa.
Haikuwa na upande.

Mimi nilijua. Ilikuwa bondeni, kushoto, chini ya mwamba.
Nilijua kwa wepesi wa aibu,
kama mtu anayehesabu fedha mbele ya mdaiwa.
Nikafumbua kinywa.
"Nyamaza, Mallena."

Akatoa kopo la shayiri mkobani,
akalitikisa. Chaka. Chaka-chaka.
Akangoja. Akalitikisa tena.
"Yeye anayo mawili," alisema.

Tukasimama hivyo, sijui muda gani,
yeye akitazama kuume, uso umelowa,
nami nikisikia hatua, kokoto, pumzi,
zikipanda kutoka kushoto, karibu, karibu zaidi,
na baba hajui,
bado anatikisa, bado anatazama kuume,
mpaka pua ya baridi ikamgusa kiganja cha kushoto
akashtuka, akatukana kwa Kisardinia,
tusi refu, la furaha.

Tulirudi kabla ya giza.
Njia ya kuume ina mawe na miiba.
Nilipita huko, nikawa nazungumza
habari za bei ya jibini.