Mwezi Una Siku Ngapi

Nilimwandikia Holo Lubasha hesabu miaka kumi na tisa,
kwa kalamu kwanza, kisha kwa kompyuta.
Sasa nimestaafu, nasema yaliyokataa kukaa kwenye safu.

Baba yake alichomelea koroboi pale Makoroboi:
kopo la maziwa, utambi wa fulana kuukuu, risasi iliyoyeyuka.
Mkono wa kushoto wa mzee ulikosa kucha mbili.
Holo alikulia ndani ya moshi ule,
akakohoa hadi darasa la saba.
Watu hupenda kusema ndipo alipoapa kuyazika mafuta ya taa.
Mwenyewe aliniambia: "Sikuapa kitu. Nilitaka fedha."

Fedha aliipata kwa kutengeneza simu,
akanunua taa sitini za sola,
akawakopesha wavuvi wa dagaa wa Igombe:
weka karabai chini, chukua hii,
lipa kila tarehe thelathini.

Mwezi wa kwanza walilipa wote.
Wa pili, nusu.
Wa tatu akanituma na gari, na kamba, na mgambo mmoja,
nikakusanye mali.

Nilikuta mitumbwi imelala kifudifudi mchangani,
wanaume wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, saa nne asubuhi.
Nikasema moyoni: wavivu.
Nyabwire, mwenye mitumbwi mitatu,
hakuinua macho kwenye dagaa aliokuwa akichambua.
"Kijana, mwezi wa bosi wako una siku ngapi?"
"Thelathini."
"Wangu una giza na una mbalamwezi.
Mbalamwezi ikitoka, dagaa wanatawanyika ziwa zima.
Taa yako wataifuata ya nini,
na ile ya Mungu haina marejesho?"

Nilirudi Kirumba na kamba yangu haijafunga kitu.
Nilimweleza, nikisubiri matusi.
Holo aliitungua kalenda ya ukutani, ile ya duka la mbolea,
akachora duara jeusi, duara tupu, jeusi, tupu,
Januari hadi Desemba, chai ikapoa.
Akasema: "Tutadai gizani."

Wenye mitaji walicheka.
Ratiba gani hii, walisema, ya kiganga?
Akauza kiwanja chake cha Nyegezi.
Gizani wakalipa.
Gizani wakalipa tena.

Ya baadaye mnayajua, au mnadhani mnayajua:
barafu ya jua kisiwani Kome,
betri za kukodisha Kayenze,
ofisi ya Capri Point yenye dirisha
pana kuliko nyumba niliyozaliwa.
Msiloambiwa ni paneli za kuelea, milioni mia mbili na kumi.
Magugu maji yalizikumbatia usiku mmoja,
asubuhi tukaamkia bustani.
Holo alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka;
nilikuwa nimemgeuzia mgongo kwa heshima.

Siku hizi vijana wanakuja na michoro,
mistari yote inapanda, hakuna unaopumzika.
Anawasikiliza hadi mwisho,
kisha anauliza swali la Nyabwire.
Wengi hujibu: thelathini.
Binti mmoja wa Ukara, viatu vyake vina vumbi la kivukoni,
alimrudishia: "Mwezi upi?"
Alitoka na hundi siku hiyohiyo.

Kuna mstari mmoja nimeuacha wazi.
Taa namba arobaini na moja
ilikwenda na watu wanne, giza la Machi, ziwa likachafuka.
Haikurudi taa, haukurudi mtumbwi.
Niliandika: hasara. Akafuta.
Nikaandika: imesamehewa. Akafuta.
Kila mwaka mkaguzi aliweka kidole pale akauliza,
na kila mwaka nilimjibu nilivyofundishwa:
iko kazini.