Gramu Arobaini na Sita

Jumatatu hadi Ijumaa napima malori.
Shaba ikitoka Kolwezi lazima ipite kwangu,
inapanda juu ya chuma, inahema,
nami naandika: tani hamsini na nne, tani hamsini na sita.
Jumamosi nashika kitu cha gramu arobaini na sita
na hakinitii.

Shimo la kwanza. Asubuhi ya Juni, baridi ya kung'ata masikio,
nyasi za Lubumbashi zimekauka rangi ya mkate,
Metre Kyalwe amevaa glavu mbili kama daktari wa kupasua.
Nikavuta pumzi, nikakumbuka yote niliyofundishwa:
goti, kiwiko, kichwa kisiinuke.
Kichwa kikainuka.
Mpira ukaenda kukaa juu ya kichuguu
kama mgeni aliyefika kwa shemeji yake.

Kaumba, mbeba fimbo wangu, hakucheka.
Ana miaka kumi na tisa. Uwanja ukifungwa
huruka ukuta, hucheza kwa fimbo aliyoiunga kwa bomba la maji,
na ananishinda. Najua, anajua,
hatujawahi kulisema.
Alisema tu, "Patron, leo upepo mbaya."
Bendera ilikuwa imelala kwenye mti wake
kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Jumamosi: mia na tisa.
Nyumbani Numbi akauliza, "Mmeshinda?"
kwa wingi, kana kwamba nilikwenda na jeshi.
Nikanawa, nikamega bukari,
nikaviringisha tonge mpaka likawa duara,
jeupe, la kiasi kile kile,
nikalitazama mno.
Mtoto akasema, "Baba, kula."

Usiku nilicheza mashimo yote upya kitandani
na nikashinda.

Jumapili. Kengele ya misa ilinikuta mchangani,
nachimba, nachimba, kama kibarua wa mgodi asiye na kibali.
Kisha shimo la kumi na mbili, kando ya mto, nyasi ndefu.
Nilikuwa naweka mguu sawa tu, fimbo nyuma ya mpira,
sijapiga,
mpira ukajigeuza.
Nusu shibiri. Labda haifiki.
Metre alikuwa mbali, anatafuta wake, anaapa kwa Kifaransa.
Kaumba akatazama mto.
"Sikuona kitu, patron."

Maneno hayo nayajua.
Nayajua kwa harufu yake ya dizeli,
hunijia dirishani saa tisa usiku
yamekunjwa ndani ya karatasi za mzigo:
hukuona kitu, mkubwa.
Na Jumatano iliyopita, barua ya ada ya shule ikiwa mfukoni,
sikuona tani mbili.

Nikaurudisha mpira pale ulipokuwa.
Nikapaza sauti kuliko ilivyohitajika:
"Metre! Moja juu yangu!"
Akapunga mkono bila kugeuka.
Nani angejali? Tayari nilikuwa nimepiga sita.
Ila Kaumba alinikazia macho
kama mtu anayesoma mizani iliyoharibika.

Mia na kumi na nne.
Tulianza watu arobaini na mmoja; wa arobaini ni mimi,
na wa arobaini na mmoja aliacha shimo la tano
mkewe akijifungua.
Kombe likaenda kwa mwenye glavu mbili.
Nikanywa soda ya moto, nikapiga makofi.

Nilipomlipa Kaumba nilimwongezea.
Akahesabu, akarudisha noti moja.
"Umekosea hesabu, patron."
Sikuwa nimekosea.

Sasa ni Jumatatu, bado giza.
Lori la kwanza linapanda chuma, namba zinaanza kukimbia.
Dereva anashuka na karatasi zake, nene kidogo.
Katika koti langu mpira bado upo,
una kovu la kichuguu, nalisikia kwa kidole gumba.
"Mwisho wa juma ulikuwaje, mkubwa?"
"Mbaya," nasema,
na namba bado hazijatulia.