Idadi ya Wageni

Ufunguo unaning'inia jikoni kwa Fergal Tuohy,
msumari mmoja na ufunguo wa trekta.
Unaweka euro ishirini mezani, rehani,
unaandika daftarini: jina, saa, idadi ya wageni.
Niliandika: mmoja.
"Urudi kabla sijakamua ng'ombe," akasema.
"Mama aliutunza huo miaka arubaini
wala hakuingia mle hata mara moja."
Nikauliza kwa nini. Akapuliza chai.
"Hakualikwa."

Nikapanda konde la matope, kondoo wakinitazama
kama wanaonidai.
Manyunyu, yale yasiyonyesha wala kukoma.
Begani mkoba, na mkobani, nimemzonga kwa sweta,
kaka yangu Malachy,
kilo mbili na nusu, kopo na mfuniko.
Miezi saba alikaa juu ya friji
na kila nilipoifungua kuchukua maziwa
alitetemeka kidogo.

Mlango ni wa chuma, wa juzi. Mawe ni ya tangu na tangu.
Nikapiga hodi.
Nikapiga tena, kwa sauti ya mtu anayeuza kitu.
Ya tatu nikaimeza, nikainama, nikaingia kimbavumbavu,
mkoba mbele kama mtoto aliyelala.

Ndani, giza lilinipima kwanza.
Kisha tochi: jiwe limechorwa duara ndani ya duara ndani ya duara,
kama maji yaliyoangukiwa na kitu
na bado hayajatulia.
Kulia mwanandani, kushoto mwanandani, mbele mwanandani,
na katika kila mmoja beseni la jiwe, tupu.
Wenyewe, waliochomwa wakawekwa humu,
walizolewa na wataalamu; wako Dublin sasa,
ghalani, kwenye maboksi yenye namba.

Kumbe hodi yangu ilikuwa ya bure.
Nikamtoa Malachy, nikamweka besenini,
nikakaa naye kitako, kiasi cha kuvuta sigara moja
ambayo sikuivuta.
Alienea. Alienea kabisa.
Kisha nikamnyanyua tena,
kwa sababu hakualikwa,
au kwa sababu mkono wangu ulikataa.

Fergal alikuwa keshavaa mabuti ya zizini.
Nikautundika ufunguo, nikaomba kalamu,
nikakata mmoja,
nikaandika: wawili.
Akasoma. Akautazama mkoba.
Akanirudishia noti yangu, imelowa chai pembeni.
"Njia ya mkato imejaa maji," akasema.
"Mpite ya kanisani."